Nitie X, Mwanangu

Bungoma,
13 Septemba 2004

Kwa mwanangu Nafisa,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na baba yako kaka Nasir na mama yako na wadogo zako wote. Sisi huku hatujambo. Mama anawasalimu. Mgongo unamsumbua kidogo lakini bado anakaanga njugu zake pale karibu na msikiti, na njugu za Sirisia mwaka huu ni nono, ukija utakula mpaka uombe maji.

Najua umecheka hapo juu uliposoma "mwanangu". Cheka, ukimaliza ukumbuke. Ni kweli ulinitangulia kuzaliwa kwa miezi miwili. Lakini baba yako ni kaka yangu tumbo moja, yeye kifungua mimba na mimi kitinda mimba, na udugu hauangalii kalenda. Mimi ni shangazi yako hata ningekuwa bado nabebwa mgongoni.

Sasa nikuulize. Huko Kitale mmefika wapi kwenye hesabu? Sisi tumeingia pembetatu zenye pembe mraba, na yule mzee Pythagoras. Si kwamba zinanishinda. Nataka tu kujua kama mnafundishwa vile tunavyofundishwa sisi. Ukipata nafasi niandikie jinsi mwalimu wenu anavyoeleza, polepole, kama mtu anayemweleza mtu asiyejua kitu.

Basi, nisikufiche. Mwalimu Rispah ametangaza kwamba atakayepata chini ya arobaini kwa hesabu mwisho wa mwaka haendi kidato cha tatu, atarudia cha pili. Nilipomwambia mama akasema kwake hakuna kurudia. Unamkumbuka dada Hawo alivyorudia darasa, akarudia tena, wenzake wakawa wanamwita nyanya wa darasa, mpaka akavua sare akaenda zake Suam kuuza vitunguu mpakani. Mama hajasahau. Alinitazama akasema, "Mtoto wangu mwingine hatazeekea kwa dawati. Ukianguka, unakuja hapa kwa karai." Kwa hivyo mwanangu, ni kidato cha tatu au ni njugu. Njugu nazipenda, lakini kwa kula. Naogopa sana.

Jibu umpe Daud, yule dereva wa pikapu ya duka la Rajesh. Huleta mabati huku kila Jumanne na amekubali kutubebea barua. Simu ya mama ni ya kubip tu, na tena pembetatu haipiti kwenye simu.

Ni mimi shangazi yako,
Khairunisa


Kitale,
20 Septemba 2004

Kwa shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hiyo shikamoo nimeiandika nikiuma meno, lakini baba yuko karibu. Waalaikum salaam. Sisi wazima, ila Kitale ni mvua na matope, na mahindi ya jirani yameanza kulala chini. Mpe nyanya pole ya mgongo. Mwambie asiinue karai peke yake na wewe upo.

Niliposoma habari ya karai sikulala vizuri. Nani atakayenitania Idd kama wewe umejaa moshi? Kwa hivyo tuanze.

Shangazi, chora ukuta. Chora ardhi. Halafu chora ngazi iliyoegemezwa kwa huo ukuta. Pale ukuta unapokutana na ardhi ndipo penye pembe mraba. Ngazi ndiyo upande mrefu. Sasa uzidishe ukuta kwa wenyewe, uizidishe ardhi kwa yenyewe, ujumlishe. Unachopata ni ngazi iliyozidishwa kwa yenyewe. Ukuta ukiwa sita na ardhi nane, unapata thelathini na sita na sitini na nne, jumla mia. Namba gani ikijizidisha inatoa mia? Kumi. Basi ngazi ni kumi. Ukiwa umepewa ngazi na unatafuta ukuta, hapo unatoa badala ya kujumlisha. Wewe kumbuka tu kwamba upande mrefu ni ule ulioegama.

Nimekuwekea maswali nyuma ya karatasi. Yafanye uniletee. Unisamehe michoro, kompasi yangu imelegea na penseli inateleza, kila duara linatoka kama yai. Mwalimu wetu ananiambia majibu yangu yana akili lakini mkono wangu hauna.

Mwanao,
Nafisa


Bungoma,
27 Septemba 2004

Mwanangu Nafisa,

Salamu nyingi kama majani ya mgomba. Sisi wazima. Mama ameacha kulalamika mgongo, sasa analalamika makaa.

Nimeelewa. Nimeelewa kila kitu, wala hukuhitaji kueleza kwa urefu hivyo. Ile ngazi ni kitu rahisi sana. Majibu ni haya, nimeyafanya jioni nikiwa nyuma ya mama huku yeye akiuza.

Kuhusu kompasi, chukua kipande cha karatasi, ukikunje kiwe kigumu, ukichomeke pale penseli inapokaa, kisha ukaze. Haitateleza. Na unapochora usiibane kama unamshika kuku. Shika kile kichwa chake cha juu na vidole viwili, uzungushe. Mwalimu Rispah huchukua michoro yangu akaonyesha darasa, bahati mbaya hatoi alama za uzuri.

Unisahihishie haraka, tuna mtihani wa katikati ya muhula.

Shangazi yako,
Khairunisa


Kitale,
4 Oktoba 2004

Shangazi mpendwa,

Shikamoo na salamu kutoka kwa wote. Mama yangu amekutumia kitambaa, kimo ndani ya mfuko alionao Daud.

Ile ya karatasi kwenye kompasi imefanya kazi. Duara langu la kwanza lililokuwa duara nililionyesha mpaka kwa jirani.

Nimeyaona majibu yako. La kwanza ni sahihi kabisa, na la pili pia. La tatu sahihi. La nne umekaribia sana, Shangazi. La tano umejitahidi, nalo liko karibu. La sita ukilitazama tena utaona mwenyewe, wewe una macho. Kwa jumla umefanya vizuri na nimefurahi.

Nakuombea mtihani mwema. Ramadhani inakuja, utusamehe tulipokukosea.

Mwanao,
Nafisa


Bungoma,
18 Oktoba 2004

Nafisa,

Ramadhani karim. Tumefunga salama. Natumai nanyi mmefunga salama.

Nimepata kumi na nane kwa mia.

Sijamwambia mama. Nimekaa na hiyo namba tangu Alhamisi na inaniuma kuliko njaa ya saumu. Nitakueleza ilivyokuwa. Mchoro ulikuwa wa paa la nyumba. Pembetatu imelala chini kwa upande wake mmoja, na pembe mraba iko juu, kwenye kilele. Pande mbili zilizoegama zilikuwa tisa na kumi na mbili, na tuliulizwa urefu wa ule uliolala chini. Nikatafuta upande ulioegama kama ulivyoniambia, nikakuta ni mbili. Nikachagua ile kumi na mbili iwe ngazi kwa sababu ndiyo kubwa, nikatoa, nikapata saba na vipande. Jibu lilikuwa kumi na tano. Maswali mengine yote ya picha yalikuwa hivyo hivyo, mara imepinduliwa, mara imelazwa ubavu, nami natafuta ngazi.

Mwalimu Rispah aliniita akaniuliza nilifanyia wapi mazoezi. Nikampa karatasi zako. Alisoma, akaweka kidole kwenye swali la nne, akasema hilo ni kosa lile lile la mtihani, na la tano, na la sita. Akaniuliza nani amenisahihishia. Nikamwambia ni mtoto wa kaka yangu. Akasema, "Huyu anakuheshimu sana. Atakurudisha darasa kwa heshima."

Nafisa, uliliona kosa. Wewe ndiye wa kwanza darasani kwenu, huwezi kuniambia hukuliona. Uliliona ukaandika "umekaribia". Nilikuwa na hasira nawe siku mbili nzima, nikaandika barua nikaichana.

Halafu nikakumbuka Idd ya mwaka juzi hapa kwetu. Nilikuwa napima mchele wa pilau, ukaniambia mbele ya wageni, "Khairu, umekosea." Kaka Nasir akakusimamisha pale pale, ukanishika mkono ukaniomba radhi, wageni wanatazama. Ulilia. Na mchele ukawa mbichi kweli, lakini hakuna aliyesema. Tangu siku hiyo hujawahi kuniambia nimekosea, hata nikivaa viatu upande. Nilipokumbuka hayo hasira ikaniisha.

Na mimi nina yangu. Nilikuambia nimeelewa. Sikuelewa. Hiyo ngazi niliisoma mpaka karatasi ikalainika, lakini nilifikiria, mimi shangazi mzima, nimwambie huyu mtoto arudie? Nikaona aibu. Wewe umenionea haya na mimi nimekuonea haya, na mwisho wa haya zetu ni karai la njugu.

Sasa sikiza, na hili si ombi. Mimi shangazi yako nakuamuru. Tafuta biro nyekundu. Penye kosa nitie X, mwanangu. Usiandike karibu, usiandike pole, usinipambie. Tia X, halafu uniambie kwa nini. Nimekuwekea maswali yote ya mtihani niliyokosa, na mengine. Ukishindwa, nitambip baba yako, akipiga nimwambie umenivunjia adabu.

Imebaki mtihani wa mwisho tu, kabla ya Idd. Nataka kwenda kidato cha tatu, Nafisa. Nataka sana.

Shangazi yako,
Khairunisa


Kitale,
25 Oktoba 2004

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Sisi wazima. Nyanya mpe salamu, na usimwambie kwamba nimelia, atadhani kuna msiba.

Nilililia lile swali la nne. Ni kweli nililiona. Nililiona siku ile ile, nikaishika kalamu, mkono ukakataa. Nilijisemea utaliona mwenyewe. Nisamehe, na sitaomba tena maana umenikataza kupamba.

Biro nilinunua jana kwa Mohini, mwenzangu wa darasa, pale dukani kwao. X ya kwanza ilikuwa ngumu. Niliandika ndogo kama sisimizi, nikaona hapana, umeamuru, nikaipitia ikawa kubwa. Hapo baba akaingia. Aliona karatasi, akaona jina lako juu, akaona biro nyekundu mkononi mwangu. Akauliza ninafanya nini. Nikamwambia ukweli wote, pembetatu, dada Hawo, karai, mpaka amri yako. Nikampa barua akaisoma mwenyewe pale penye mchele. Alikaa kitandani kwangu, kofia mkononi.

Kisha akauliza, "Amekuamuru?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mtii shangazi yako."

Akatoka. Baadaye nikamsikia akimwambia mama kwamba ule mchele kweli ulikuwa mbichi. Nilicheka ndani ya mto. Sijui nikuambie nilivyojisikia mwepesi baada ya hapo. Nilitia X zilizobaki bila kupumzika.

Sasa, kosa la ngazi ni langu. Nilifungua daftari langu nikaona pembetatu zangu zote zimekaa vile vile, ukuta kushoto, ardhi chini. Sikuwahi kuchora iliyolala. Nilikufundisha ninavyochora mimi, sikukufundisha pembetatu. Kwa hivyo sahau ngazi, itupe.

Fanya hivi. Kabla ya kitu kingine chochote tafuta pembe mraba, pale wanapoweka kijisanduku kwenye kona. Weka kidole juu yake. Kila pembetatu ina pande tatu, na mbili zitakuwa zinagusa kidole chako. Ule wa tatu usiogusa, ulio mbele yake, ndio mrefu. Haijalishi umelala, umesimama au umeegama. Kwenye paa la nyumba kidole kinakaa kileleni, kwa hivyo mrefu ni ule wa chini. Tisa kwa tisa ni themanini na moja, kumi na mbili kwa kumi na mbili ni mia na arobaini na nne, jumla mia mbili ishirini na tano, na kumi na tano ikijizidisha inatoa hiyo. Halafu geuza karatasi juu chini ufanye tena, uone kama jibu limebadilika.

Na ukimaliza jiulize, huu upande ninaouita mrefu ni mrefu kweli kuliko hizo nyingine mbili? Ukiwa mfupi, umejikanyaga. Ile saba yako ilikuwa inakuita na hukuisikia.

Usiniambie umeelewa. Niambie ambapo hukuelewa.

Mwanao mtiifu,
Nafisa


Bungoma,
1 Novemba 2004

Mwanangu,

Salaam. Sisi wazima, saumu inakwenda vizuri. Mama anauza jioni tu sasa, watu wakishafuturu.

Nilipofungua karatasi nilidhani kuna mtu amechinja kuku juu yake. Nilikaa nayo kwanza nikiwa nimeifunika na mkono. Inauma, nisikudanganye. Lakini ni maumivu ya kujua unapoumwa, si ya kuhisi tu mwili mzima umekufa. Nilinakili kila X kwenye daftari na sababu yake, ile karatasi nikaitupa kwenye kikapu cha magazeti mama asije akaniuliza.

Kidole nimekielewa. Hata nikitembea nakiona. Leo nimekiweka kwenye kona ya mlango wa choo cha shule, wenzangu wakaniuliza ninapima nini.

Sasa mambo ambayo sijaelewa, nimeyaandika kabla aibu haijanifikia. Sijaelewa ni lini natoa na ni lini najumlisha. Sijaelewa pembetatu mbili zikishikamana upande mmoja naanza na ipi. Na sijaelewa kwa nini ile pembetatu yenye urefu wa tano, tano na sita umeandika kando ya X niikate katikati. Nani alikupa ruhusa ya kuikata?

Na kwa sababu mimi ni mtu wa haki, nimekutia X kwenye mchoro wako wa tatu, katika ile uliyoniletea. Ulisema umegawa pembe katikati, nimeipima, upande mmoja umenyonya mwenzake. Kompasi ilisogea kabla hujachora tao la pili. Usiuguse mguu wake mpaka umalize. Rudia uniletee.

Majibu mapya haya hapa.

Shangazi yako,
Khairunisa


Kitale,
8 Novemba 2004

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Naandika haraka, Daud ataondoka alfajiri na mtihani wako ni wiki hii.

X zako zimepungua. Zipo, lakini safari hii nilikuwa nazitafuta. La kwanza hadi la tano ni tiki. La sita ulijumlisha mahali pa kutoa, X. La tisa njia ni sahihi lakini tatu mara tatu si sita, X mbili, moja ni ya kukasirika.

Unatoa ukiwa tayari unao upande mrefu. Unajumlisha ukiwa unautafuta. Zikishikamana mbili, anza na ile uliyopewa vitu viwili, jibu lake ndilo ufunguo wa nyingine. Na ile ya tano, tano na sita haina pembe mraba, na bila pembe mraba mzee Pythagoras hana kazi. Ukiikata kutoka kileleni hadi katikati ya ile sita, unapata pembe mraba mbili. Sita inakuwa tatu na tatu. Fanya tatu na tano, utaona urefu wa kwenda juu ni nne. Ruhusa nilikupa mimi.

Pembe nimeigawa upya, nimekuwekea. Ipime. Nilitoa ulimi nje nikiichora.

Baba anakuombea kila akiswali, mimi pia. Ukitoka kwenye mtihani uniandikie siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Nafisa


Kitale,
22 Novemba 2004

Kwa Shangazi Khairunisa,

Shikamoo. Idd mubarak, ingawa Idd imepita. Natumai hamjambo, wewe na nyanya.

Daud amerudi mara mbili bila barua. Mara ya kwanza nilisema labda umechoka. Mara ya pili nilimuuliza kama alikuona, akasema alikuona umekaa nyuma ya jiko unachambua njugu, ulimsalimu vizuri ukasema huna barua.

Siku ya Idd baba alipopiga simu kuwasalimu niliomba nikusikie. Nyanya akasema umekataa kuja kwenye simu, kichwa kinakuuma. Baba alinitazama, mimi nikatazama chini.

Shangazi, kama ni mbaya niambie ni mbaya. Kama mtihani ulikuwa na kitu ambacho sikukufundisha, niambie ni kipi. Nimerudia barua zangu zote kichwani nikitafuta ngazi nyingine niliyokupa bila kujua. Kama nyanya ameshakupeleka kwa karai, nitakuja huko Desemba niombe mwenyewe. Sijui nitasema nini, lakini nitakuja.

Uliniamuru nisikuonee haya. Na wewe usinionee.

Mwanao,
Nafisa


Bungoma,
28 Novemba 2004

Mwanangu mpenzi Nafisa,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, na Idd mubarak iliyochelewa. Sisi wazima, wazima kabisa, sijui kama nimewahi kuandika neno hilo kwa ukweli kama leo.

Nimepata hamsini na saba. Naenda kidato cha tatu.

Kaa kwanza. Nami nilikaa.

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilipotoka kwenye mtihani sikujua kama nimefanya vizuri au vibaya. Pembetatu moja ilikuwa imesimama kwa ncha yake kama pia inayozunguka, nikaweka kidole, nikafanya, nikageuza karatasi, msimamizi akaniambia nitulie. Nilihisi vizuri, lakini hata ile siku ya kumi na nane nilitoka nikihisi vizuri. Sikutaka kukuandikia matumaini halafu nikuandikie karai. Na kwenye simu ningesikia sauti yako ningelia, na mama amesimama pale. Ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Ijumaa tulifunga shule, tukapewa ripoti. Mwalimu Rispah aliniwekea yangu mkononi, akagusa ile namba kwa kidole, akaenda kwa mwingine. Nilisoma. Nikaikunja nikaishika. Nilitembea kutoka shule mpaka msikitini na sikumbuki nilimpita nani.

Mama alikuwa na karai motoni, na wateja wawili. Nikakaa kwenye gunia nyuma yake. Nilitaka kumwambia, Nafisa, wallahi nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Ile hofu yote tangu Septemba ilikuwa inanitoka kwa pamoja, machozi yanaanguka kwenye sare. Mama akageuka akaniona. Akawahudumia wale watu, akawaambia wengine wangoje, akashusha karai. Wewe hujakaa na mama, hujui maana yake. Mama hashushi karai njugu zikiwa nusu, hata mvua ikinyesha.

Akaketi kwenye gunia lenyewe hilo, akaushika mkono wangu uliokuwa mtupu. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

"Khairu, sikiza. Mi nilisema hakuna kurudia. Nilisema hivyo kwa sababu ya Hawo, si kwa sababu yako. Nimeenda kuongea na mwalimu wako tangu juzi, nimemwambia ukianguka akuwekee nafasi. Utarudia. Na ukianguka tena utarudia tena. Hii jiko haitakuona."

Nikatikisa kichwa. Akadhani nakataa. Akaendelea.

"Mi sijui hiyo pembe zenu. Lakini X najua. Si ulikuwa unatupa makaratasi kwa kikapu? Nimekuwa nikifungia watu njugu nayo. Ile ya kwanza ilikuwa nyekundu yote, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama hii njugu imetoka damu. Nikasema huyu mtoto wangu anachapwa na nani hivi, na bado kesho anakaa chini anaandika? Halafu nikaanza kuangalia. Ingine ikakuja, X ni kidogo. Ile ya mwisho nilikataa kufungia mtu, niko nayo kwa nyumba. Mtu ambaye makosa yake inapungua hivyo, mi nitamtoa shule aje afanye nini hapa?"

Hapo ndipo nikampa ripoti. Akaigeuza geuza, akaniuliza namba ni ipi, nikamwonyesha. Akauliza walikuwa wanataka ngapi. Nikasema arobaini. Akahesabu kimoyomoyo kwa vidole vya mkono wangu. Akaniambia, "Sasa wewe, mbona umekaa kama umefiwa?" Akanipiga begani, akacheka, kisha akalia yeye, na wale waliokuwa wakingoja wakapewa njugu bure, nusu mbichi, wakala hivyo hivyo.

Mwambie kaka Nasir. Mwambie mama anasema kwamba siku ukija utakaa kwenye kiti, mimi ndiye nitakayekaa kwenye mkeka. Nimekubali kwa siku moja tu.

Lakini kuna kitu sijamwambia mama, nakuambia wewe. Sauti yangu ilirudi mapema. Ilirudi pale aliposema "utarudia". Ripoti ilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kumkatiza hapo hapo nikamwambia nimepita. Nikanyamaza, nikamwacha aseme mpaka mwisho.

Ni mimi shangazi yako,
Khairunisa